Mnada wa Mahubiri

Kabla sijaanza, naomba tuelewane: hadithi hii haimhusu mtu yeyote unayemfahamu. Nalisema hili mapema kwa sababu najua tabia zetu. Mtu akishasoma ukurasa mmoja tu, huanza kumtafuta shemeji yake humo ndani. Usimtafute, hayumo. Aliyemo ni Mwinjilisti Elirehema, mtu mnene wa umri wa kati, mwenye sauti nzuri na kinyongo kidogo, na huyo anatutosha.

Elirehema alikuwa amehubiri miaka mingi katika mtaa mmoja wa milimani, mahali penye baridi nyingi na waumini wenye usingizi. Kila Jumapili alipanda mimbarini na karatasi zake, na kila Jumapili, kabla hajafika hoja ya pili, Mzee Mgonja wa baraza la wazee alikuwa amekwisha kulala benchi la mbele kabisa, mdomo wazi. Wasiolala walikuwa na shughuli zao. Waliyatazama mayai na mikungu ya ndizi iliyoletwa sadaka, wakipanga watakachokinunua kwenye mnada wa baada ya ibada. Jambo hili lilimuuma Elirehema mpaka ndani. Aliwahi kuandika mahubiri makali dhidi ya usingizi, na Mzee Mgonja aliyalalia hayo pia.

Basi aliposikia kwamba iko nchi ambako hakuna anayesinzia kanisani, ambako hata watoto husikiliza mpaka amina ya mwisho, alikunja kanzu yake nyeupe akaitia begini, akaaga kwa maneno machache, akaenda. Njia aliyopita haituhusu. Alifika.

Nchi yenyewe inaitwa Wenzetu, na cha kwanza kumshangaza kilikuwa salamu. Ukimwuliza mtu wa Wenzetu hali yake, atakujibu kuhusu hali ya jirani yake, tena kwa urefu, na kwa kawaida hali hiyo si nzuri. Ndani ya nyumba hakuna kioo. Sheria inataka kila kioo kitundikwe nje, kiielekee nyumba ya pili, ili mwenye nyumba ile apate kujiona alivyo. Lakini hakuna anayekitazama kioo cha jirani, maana huko ni kukubali kushindwa, kwa hiyo wanaume wa nchi ile hunyoa ndevu kwa kubahatisha. Hospitalini nako mgonjwa haelezi maumivu yake. Hueleza ya mwenzake, akaandikiwa dawa, akampelekea. Kikohozi cha Wenzetu hakijapata kupona tangu enzi za mababu, na kila mtu anajua ni kosa la nani. Hata methali wanazo zao. Sisi tunasema mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Wao husema mwenzio akinyolewa, mshike kichwa asitikisike.

Kupata malazi kulimsumbua. Watu wa Wenzetu hawapokei wageni, kwa kuwa mgeni huona ndani. Alizungushwa mtaa mzima, na kila mlango ulimwelekeza mlango wa pili, hadi akafika nyumba ya mwisho kabisa, kwa mjane mmoja fundi cherehani aliyeitwa Bi Tunukiwa. Huyo alimkaribisha bila maswali. Tatizo lilikuwa kuingia. Mlango wa Bi Tunukiwa ulikuwa umejengewa mawe kutoka chini mpaka usawa wa tumbo, mawe mazuri yaliyochongwa na kupangwa kwa saruji. Ili uingie, ulipanda kigoda, ukavusha mguu mmoja, ukaomba Mungu, ukavusha wa pili. Elirehema alikwama katikati kwa muda. Alipofanikiwa kutua ndani, akatengeneza shati na kuuliza kwa adabu kama ukuta ule ulikuwa wa kuzuia mbuzi.

Bi Tunukiwa alimjibu kwamba hana mbuzi, na kwamba Jumapili ataelewa.

Jumapili ilipofika, kanisa lilijaa kabla kengele haijalia. Ibada ilianza vizuri, ila katika toba Elirehema alisikia jambo akadhani masikio yake yana vumbi la safari. Kusanyiko zima lilipiga magoti, na kwa huzuni ya kweli likasema: "Wamekukosea, ee Mungu wetu, kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo. Uwahurumie." Wengine walikuwa wakilia. Elirehema alisita, kisha akaona labda ni tafsiri ya kale.

Akapanda mimbarini. Alikuwa amechagua mahubiri juu ya masengenyo, ambayo nyumbani aliyaandika akimkusudia mke wa Mzee Mgonja, na ambayo nyumbani yalianguka chini kama jani bovu. Hapa mambo yalikuwa mengine. Tangu neno la kwanza, watu waliinua vichwa. Macho yaliwatoka. Mzee mmoja aliweka kiganja nyuma ya sikio. Akina mama waligusana viwiko na kutikisa vichwa kwa kuafiki, na kila alipotaja tawi jipya la dhambi ile, mguno wa kukubali ulipita kutoka benchi hadi benchi. Alipitiliza muda, na hakuna aliyetazama dirishani. Elirehema alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata tangu abarikiwe kuwa mhubiri. Aliwapenda watu wale. Aliwapenda wote kwa pamoja, na moyoni akasema, laiti Mzee Mgonja angeona.

Baada ya baraka, watu walitoka nje haraka na kujipanga uani kuzunguka meza. Elirehema akafurahi kuona kumbe nao wana mnada wa sadaka, akatafuta kwa macho mayai na ndizi. Mezani hapakuwa na kitu. Alipanda mtu mrefu mwenye kofia nyekundu iliyopindwa ukingo, Dalali Mkuu Kidole, ofisa wa pili kwa cheo katika nchi ile, akagonga meza na kutangaza:

"Neno la leo ni masengenyo. Limetoka sasa hivi, bado lina moto. Ni la nani?"

Mikono ikapaa. Mmoja alisema ni la mkwe wake, na akatoa ushahidi. Mkwe, aliyekuwa hatua chache pembeni, hakukana. Alisema tu kwamba yeye ni mwanafunzi wa mama mwenye duka, na akatoa ushahidi mzito zaidi. Mama mwenye duka akalirusha kwa mwimbaji wa kwaya, mwimbaji akalirusha kwa dada yake. Ndivyo mnada ulivyo Wenzetu. Bei ni ushahidi, na unayetajwa una haki ya kulirusha neno kwa mwingine ukiweza kupanda dau. Linazunguka hivyo mpaka limfikie mtu asiyelirusha, na huyo ndiye mwenyewe. Elirehema aliona mahubiri yake yakipita juu ya vichwa vya watu, hayatui. Hatimaye mtu fulani, akiwa amechoka, alimtaja Bi Tunukiwa. Bi Tunukiwa alikuwa amesimama karibu na ua, mikono imefumbatwa. Hakumtaja mtu.

"La kwanza," alisema Dalali. "La pili."

Hapo Elirehema hakuweza kujizuia. Alinyoosha mkono na kueleza kwamba mama huyu anaishi peke yake, anashinda na cherehani, na tangu yeye afike hajamsikia akimzungumzia binadamu yeyote.  Dalali akamgeukia Mfafanuzi wa Baraza, mzee msomi mwenye miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, na Mfafanuzi akafafanua bila kuhangaika. Masengenyo, alisema, yahitaji vitu viwili: msemaji na msemwa. Wasemaji ni wengi na hubadilika, hivyo hawawezi kuwa chanzo. Msemwa wa nchi hii, kwa zaidi ya nusu ya mazungumzo, ni Bi Tunukiwa. Mwondoe yeye, nusu ya masengenyo yetu itakufa leo leo. Kwa hiyo chanzo ni nani?

Watu walipiga makofi. Dalali akagonga meza mara ya tatu. Vijana wawili wa ofisi ya Dalali wakaleta jiwe jipya, wakalipeleka moja kwa moja mlangoni kwa Bi Tunukiwa, wakalipanga juu ya mengine na kulisiliba.

Mchana ule Elirehema alipanda kigoda akiwa na aibu kuliko njaa. Bi Tunukiwa alimpakulia makande, na wakati wa kula akamweleza mengine yote. Kila neno lililopata mwenyewe huwekewa jiwe mlangoni pake. Mlango ukiziba, mwenye nyumba anatolewa nje ya mpaka siku hiyo hiyo, kwa kuwa sheria inasema mtu aliyepatwa na maneno yote hayo hawezi kuwa mwenzetu. Nafasi iliyobaki juu ilikuwa ya mawe matatu. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida. Cherehani yake haipiti kwenye uwazi ule, wala yeye hajui kazi nyingine, na kaburi la mumewe liko nyuma ya nyumba. Kwa umri wake, aliuliza, akaanze wapi?

Elirehema alimwuliza kwa nini basi harushi kama wenzake.

"Nikirusha litaangukia mlango wa mwenye watoto," alisema. "Halafu, baba, mimi nimekuwa nikikaa na mawe haya. Nikiingia nayavuka, nikitoka nayavuka. Lile pale la chini ni la ulafi. Nilipopewa nilicheka, maana unaniona nilivyo, uji tu unanitosha. Lakini nilivyokaa nalo wiki nzima nikaona kweli nina ulafi. Nina ulafi wa kuhurumiwa. Mtu akija na nguo ya kushona, namhadithia shida zangu mpaka anaacha nguo anakimbia. Neno lolote ukikaa nalo wiki nzima, halikukosi."

Elirehema alitikisa kichwa kwa masikitiko. Aliona ni maneno mazuri sana, na akayaweka akiba kwa ajili ya kuwahubiria watu wa nyumbani.

Utauliza kwa nini asiache kuhubiri. Aliomba hivyo ofisini kwa Dalali, akajibiwa kwamba mhubiri mgeni akinyamaza, Jumapili ile hunadiwa matangazo, na mara ya mwisho tangazo la mazoezi ya kwaya lilimfukuzisha mtu nchini. Hilo ni jibu moja. La pili, ambalo hakumwambia mtu, ni kwamba hakutaka kuacha. Hujawahi kuhubiria watu wasiolala, huwezi kujua utamu wake.

Akaamua kutumia akili. Wiki ya pili aliandika mahubiri ambayo, hata yaviringishwe vipi, hayawezi kumtoshea mjane asiyekunywa: alihubiri juu ya waume wanaokesha vilabuni na kurudi nyumbani wakigombana na mlango. Kanisa lilisikiliza kwa furaha. Wake walilia, waume walilia zaidi. Uani neno lilirushwa kwa kasi ya mpira wa watoto, mume kwa mume, likavuka mtaa, likarudi, na hapakuwa na mwanamume mmoja ambaye hakuwa na ushahidi dhidi ya mwingine. Jua lilikuwa kali. Mwishowe mmoja akamkumbuka marehemu mume wa Bi Tunukiwa. Elirehema akasimama kupinga, akisema marehemu ni marehemu. Mfafanuzi akashusha miwani ya juu akapandisha ya chini, akauliza: marehemu alipofariki, nyumba ilibaki kwa nani? Kwa mjane. Na shamba? Kwa mjane. Basi na dhambi zake zilikwenda wapi, au Mwinjilisti anafundisha kwamba mirathi huchaguliwa?

Jiwe likapandishwa. Bi Tunukiwa akaanza kuongeza mto juu ya kigoda.

Sasa Elirehema akakasirika, na hasira ya mhubiri ni ya kuogopwa kwa sababu ina siku sita za kuandika. Wiki ya tatu hakuzunguka. Alihubiri juu ya mtu mmoja. Hakutaja jina, lakini alisema mtu huyo ni mrefu, ana cheo, anasimama juu ya meza, anawagawia watu hukumu, naye mwenyewe hajawahi kuonja hata moja, na juu ya kichwa chake iko kofia nyekundu iliyopindwa ukingo. Aliitaja kofia mara kadhaa. Dalali Kidole, kwenye kiti chake cha mbele, alisikiliza bila kupepesa. Elirehema alipofika mwisho, Dalali alikuwa anafuta machozi kwa kofia yenyewe.

Elirehema alitoka uani akiwa na uhakika kwamba kazi imekwisha. Dalali akapanda mezani. Alikiri kwamba katika utumishi wake hajapata kusikia neno lenye shabaha kama lile. Alisema aliyekusudiwa anajulikana, hakuna haja ya kuzungusha. Watu waliinamisha vichwa.

"Nawauliza tu," alisema Dalali, "kofia hii aliishona nani?"

Aliishona Bi Tunukiwa. Alikuwa ndiye fundi pekee wa nchi ile, akishona nguo kwa vipimo vya majirani ambavyo wateja wenyewe walimletea, ndiyo maana hakuna aliyevaa nguo inayomkaa. Ile kofia tu ndiyo ilimkaa mwenyewe, kwa bahati. Mfafanuzi hakuhitajika hata kufafanua. Jiwe likapanda, na juu ya mlango ikabaki nafasi ya jiwe moja.

Jioni hiyo Baraza lilimwita Elirehema na kumpa habari njema. Walimtaka abaki. Atakuwa mhubiri wa kudumu, atapewa nyumba yenye mlango mpana unaolingana na umbo lake, na kila Jumapili kanisa litajaa namna ile ile, macho wazi, maisha yake yote. Ajibu Jumapili ijayo baada ya mahubiri. Walimpenda kweli, na alijua wanampenda. Alirudi akajipenyeza kwa ubavu juu ya mawe, na usingizi ukamkataa, kwa sababu alikuwa anataka kukubali.

Jumamosi Bi Tunukiwa alikuwa akifungasha. Alikuwa amekwisha kuzikunja nguo za wateja, kila moja na jina la mtu ambaye haitamtosha, na sasa alikuwa anaifuta cherehani kwa mafuta ingawa hakuwa na namna ya kuitoa. Elirehema alikaa mbele yake na karatasi tupu. Alisema anatafuta neno ambalo hawataweza kulirusha.

"Yale ya kofia ulimwandikia Dalali," alisema Bi Tunukiwa, bila kuacha kazi.

Alikubali.

"Na yale ya walevi?"

Alifikiri kidogo, akasema kuna shemeji yake nyumbani.

"Na ya masengenyo?"

Akamweleza habari za mke wa Mzee Mgonja, na alivyoeleza, maelezo yakarefuka. Bi Tunukiwa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe, mwanangu," aliuliza, "katika miaka yote hiyo ya kuhubiri, lako lilikuwa lipi?"

Elirehema alifungua mdomo kujibu. Alizipitia Jumapili zake kichwani, akaanza na za karibuni, akarudi nyuma mpaka mwaka aliobarikiwa. Kila mahubiri yalikuwa na anwani. Mengine yalimwendea Mzee Mgonja, mengine mwenyekiti wa kwaya, na pale mwanzoni kabisa kulikuwa na mfululizo mzima uliomwendea baba mkwe. Hakuna hata moja lililoachwa nyumbani kwake. Alikuwa mwenyeji wa nchi ya Wenzetu kabla hajavuka mpaka. Aliona aibu, na aibu ile ilimshika hasa, kwa kuwa alikumbuka hata maneno ya mama huyu kuhusu ulafi aliyaweka akiba ampelekee mtu mwingine.

Jumapili alipanda mimbarini bila karatasi. Kanisa lilisogea mbele kwenye mabenchi. Alihubiri kwa muda mfupi kuliko ilivyozoeleka. Alieleza habari za mtu aliyekuwa na sauti nzuri, aliyepewa chakula awagawie watu kila wiki, naye akawa anakirusha usoni mwa watu mmoja mmoja na kushangaa kwa nini hawashibi. Mtu huyo mwenyewe alikuwa na njaa, alisema, na hakujua, maana mikono yake ilikuwa inanuka chakula wakati wote. Kisha akasema amina, na watu wakaangaliana, hawajapata la kugusana viwiko.

Uani Dalali alipanda mezani na kutangaza neno la leo, ingawa hakujua aliite nini. Kabla mkono haujapaa, Elirehema alisogea mbele.

"Limeshapata mwenyewe," alisema. "Naomba jiwe langu."

Sitaweza kukueleza vizuri fujo iliyotokea, kwa sababu ilikuwa fujo ya watu waliosimama kimya. Katika historia yote ya Wenzetu hakuna mtu aliyewahi kulidai neno. Dalali alimwuliza kwa tahadhari anamtaja nani. Alisema anajitaja. Akaombwa ushahidi, akautoa, na ulikuwa mzito kiasi kwamba waliozoea kupanda dau hawakuwa na dau la kupanda. Mfafanuzi aliomba muda. Alivua miwani yote miwili, akaivaa tena, akasema kwamba neno ni mali ya umma mpaka linadiwe, hivyo kulichukua kabla ya mnada ni wizi. Mtu wa nyuma akauliza adhabu ya wizi wa neno ni ipi. Mfafanuzi akakiri kwamba sheria haikutunga adhabu, kwa kuwa haikutegemea mwizi.

Hatimaye Dalali akaamua jiwe litolewe. Vijana wakalibeba, na Mfafanuzi, ambaye hakupenda kushindwa, akakumbusha kifungu kimoja: jiwe huwekwa kwenye mlango wa nyumba anayolala mwenye neno. Mwinjilisti analala wapi?

 Elirehema hakuwa amelifikiria hilo. Toba yake ya kwanza katika maisha yake yote ilikuwa inaelekea kuuziba mlango wa mama aliyempa makande. Alimtazama Bi Tunukiwa, na mama yule, masikini, alikuwa anajaribu kumtabasamia ili asijisikie vibaya.

"Mimi hapa ni mgeni," Elirehema akasema. "Mlango wangu uko kwetu, milimani. Naondoka leo, nitalipeleka mwenyewe."

Wazee wa Baraza walishtuka. Walimkumbusha nyumba, mlango mpana, mabenchi yaliyojaa. Mmoja alimshika mkono. Elirehema aliwaangalia watu wale wasiolala, na moyo ulimuuma kuwaacha, sikufichi. Lakini akainama, akaliinua jiwe, akagundua ni zito kuliko linavyoonekana likibebwa na vijana, akalipachika begani.

Alirudi nyumbani kwa Bi Tunukiwa, akaliacha jiwe nje, akaingia kuchukua begi. Alikuwa bado ndani, anahangaika kukunja kanzu, waliposikia mtu anakohoa nje. Katika uwazi mwembamba uliobaki juu ya mawe ilitokea kofia nyekundu.

Dalali Kidole aliwaamkia kwa heshima. Alisema yuko katika ukaguzi wa kawaida. Alikagua ukuta kwa muda, akagusa saruji kwa kidole, akasifu kazi ya vijana. Kisha akaendelea kusimama, ingawa ukaguzi ulikuwa umekwisha. Bi Tunukiwa alimwuliza kama yuko salama.

"Mimi mzima," alisema Dalali. "Ila kuna mwenzangu mmoja. Tangu Jumapili iliyopita hali chakula. Ameniomba nije nimuulizie lile jiwe la wiki ile. Anahisi, hana hakika, anahisi tu, huenda lilipotea njia."

Elirehema alitaka kucheka, na akajua pia kwamba ana mahubiri mazima ya kumpa mtu huyu, yamejipanga tayari mdomoni. Akayameza. Bi Tunukiwa alichukua bisibisi ya kufungulia cherehani, akaipitisha ukingoni mwa saruji ambayo haikuwa imekauka sawasawa, na jiwe likalegea. Alilisukuma nje taratibu, na Dalali akalipokea kwa mikono miwili, akalikumbatia kifuani. Barabarani nyuma yake, Elirehema aliwaona watu wengine watatu au wanne, wamesimama mbalimbali, kila mmoja anajifanya anatazama ua, na kila mmoja bila shaka alikuwa na mwenzake.

"Ni zito hili," alisema Dalali.

"Najua. Limekaa kwangu," alisema Bi Tunukiwa. "Mwambie huyo mwenzio asijaribu kulibeba kwa mkupuo mmoja. Akichoka aliweke chini, akae juu yake, apumzike. Hata mimi nilikuwa napumzika."

Dalali aliinamisha kichwa. Alivua kofia, akaiweka kati ya jiwe na kifua lisimchubue, na akaondoka kichwa wazi, polepole, akipita katikati ya watu wale bila kumnyooshea mtu yeyote kidole.